"Huumwi kichwa?" ni swali la mtego

Kuna makala inayolaumu Kiingereza cha waongoza watalii wa Kilimanjaro, kwamba ndicho kinachofanya wasijue mgeni anapougua mlimani. Mimi naona tatizo kubwa ni namna ya kuuliza.

Mwongozaji anauliza, kwa Kiingereza safi kabisa, "huumwi kichwa?" Mwingereza anayeumwa anajibu "ndiyo", yaani kinauma. Mjapani asiyeumwa naye anaweza kujibu "ndiyo", yaani umesema kweli, siumwi. Kiswahili chetu hujibu kama Kijapani, kwa hiyo sikio la mwongozaji linampitisha Mwingereza mgonjwa. Hapo mko kambi ya Horombo, mita 3,720, na kesho ni kambi ya Kibo, juu zaidi.

Basi msiulize kwa kukanusha. Wala msiulize "uko sawa?", maana aliyelipa pesa nyingi yuko sawa mpaka adondoke. Tumieni alama za Lake Louise, kipimo cha dalili za ugonjwa wa mwinuko (ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu mlimani): kichwa, tumbo (kichefuchefu na kutapika), uchovu, kizunguzungu, kila kimoja 0 (hakuna) hadi 3 (kali sana), mgeni aonyeshe kwa vidole. (Mjerumani huanza na dole gumba, hesabu tu vidole.) Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, chukulia ni ugonjwa wa mwinuko, asipande zaidi. Na muulize pembeni, si mezani mbele ya wenzake.

Halafu saa! Kuondoka kwenda kileleni ni kama saa 6 usiku. Ulimi uliochoka hutamka "sita" kwa Kiingereza, mgeni akalala hadi alfajiri. Mwandikie kwenye karatasi: 00:00.