Kihamba kimegeuka "aseti" ndani ya nusu saa

Jumapili nimetoka kwenye kikao cha ukoo huko Kibosho na mpaka sasa hasira hazijaisha. Ajenda: kuuza au kutouza kihamba cha marehemu babu, yaani lile shamba la urithi la ukoo. Wazee wakaanza kwa Kichaga, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, na kwa Kichaga habari ya kuuza haikuwa na pa kupitia, maana ukitaja tu kihamba umeshataja kaburi la babu, migomba, kahawa na yale masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa baba hajazaliwa. Afu binamu yangu wa Dar akasimama, akahamia Kiswahili, kihamba kikawa "eneo". Muda kidogo akachanganya na kizungu, eneo likawa "aseti", jamani tuache mihemko. Na watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali! Hata mimi, aibu yangu, nilijikuta napiga hesabu ya mgao wangu.

Usiku akanirushia utafiti watsap, eti sayansi imesema ukiamua kwa lugha ya kigeni unaamua vizuri zaidi. Upo kweli, wa Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, 2012. Wanafunzi wa Kimarekani walipewa dola 15 wabeti moja moja kwa kurusha sarafu, ukikosa dola imeenda, ukipata unabaki nayo na unaongezewa dola 1.50. Walioulizwa kwa Kiingereza chao walikubali beti 54% tu, walioulizwa kwa Kispania cha darasani 71%. Woga wa kupoteza ulipungua. Haya, kwa shingo upande nakubali, hapo ni akili, ile beti ilikuwa inambeba mchezaji, sio hii mikeka yenu ya kila wikiendi.

Ila binamu hajanitumia ule wa 2014 wa kina Albert Costa wa Barcelona. Swali lilikuwa hili: treni inakuja kuua watu watano, ukimsukuma jamaa mmoja mnene toka darajani itasimama. Kwa lugha ya nyumbani 20% walisema wangesukuma, kwa lugha ya kigeni 33%. Jamaa ni yuleyule, daraja lilelile, uchungu tu ndio umepoa. Sasa niambieni, kwenye kihamba ukitoa uchungu kinabaki nini cha kujadili? Bei? Babu amelala pale, huo uchungu anaouita mihemko ndio unaotukumbusha kuuliza kaburi litaenda wapi, na siku ile kwa Kiswahili hakuna aliyeuliza, hata mmoja!



Tena kinachoniuma, binamu kazaliwa Dar, Kiswahili ndio lugha aliyolilia utotoni. Yeye hajapozwa na chochote. Tuliopozwa ni sisi, tuliokutana na Kiswahili shuleni.

Sawa, ana hoja, ekari moja na wajukuu ishirini na kitu haigawanyiki, kila mtu atapata mgomba mmoja na nusu. Nimeisikia. Lakini aliyetuokoa ni baba mdogo, muda wote kimya na kata yake ya mbege, akauliza kwa Kichaga, taratibu, nani atakuja kumwambia mzee ahame. Kimya. Binamu alielewa kabisa, nilimwona, akaanza kuchezea simu.

Kikao kimesogezwa hadi Desemba. Nimeshamwambia aje na Kichaga chake, hata cha kuokoteza.