Samaki wa Malindi tumpime na mashine gani?

Mvua zikipiga bara, Sabaki inashuka na tope jekundu mpaka bahari yetu inageuka rangi, na hapo sokoni maswali yanaanza, huyu samaki hana madini sumu kweli, manake mto wenyewe ndio ule Athi uliopita kando ya viwanda vya Nairobi. Kuna wanaosema inunuliwe ile mashine ya eksirei ya kushika mkononi, unaielekeza kama bunduki, dakika mbili una jibu, hakuna asidi wala sampuli haiharibiki.

Siwapingi kwa yote. Udongo uliochafuka na risasi, yaani yale madini ya ledi si ya bunduki, unaweza kubeba miligramu mia kadhaa kwa kilo, hiyo inaiona bila shida. Hata Bangladesh mwaka 2019 walipowasaka wanaotia bizari ya manjano rangi yenye risasi waliitumia sokoni palepale.

Lakini samaki jamani ni habari nyingine. Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, wanataka risasi kwa samaki isizidi miligramu 0.3 kwa kilo, huko chini mashine ya mkononi haifiki, alafu nyama mbichi imejaa maji yanayozidi kuidhoofisha. Ikikwambia "hakuna" ujue haijaona tu, na mama keshampikia mtoto akiamini samaki kapimwa. Hapo ndo roho yangu haitulii. ICP-MS, ile mashine kubwa ya maabara ya kupima madini, inaona hata sehemu moja kwa bilioni, ila ni ghali, inakula gesi ya agoni, inataka mtaalamu, na samaki lazima asafirishwe kwa barafu kisha ayeyushwe na asidi ya naitriki.

Na hiyo ghali nayo itakupoteza usipojua unatafuta nini. Arseniki ya samaki na kaa nyingi ni aina inayoitwa arsenobetaini, haidhuru mtu, sasa ukipima jumla yake bila kutenganisha aina unapata namba ya kutisha, wanunuzi wanakimbia na mvuvi analala njaa bure. Zebaki ni kinyume, kwa jodari karibu yote ni ile ya methili, ndiyo sumu yenyewe, kwa hivyo jumla inatosha kuanzia, ikiwa chini ya miligramu 1.2 kwa kilo ambayo ndo kikomo cha Codex huna haja ya kipimo cha pili. Na iko mashine inachoma kipande cha nyama na kusoma zebaki hapohapo bila asidi, bei yake chini ya ICP-MS. Mimi pesa zikipatikana ningeanza na hiyo kwa wavuvi, ya mkononi iende Jilore kwa wakulima wa kando ya mto wapime udongo, na risasi ya samaki iendelee kupelekwa maabara hata kama majibu yatachelewa.