Kupakiwa Si Kupanda: Umri wa Mtoto na Mgongo wa Punda

Jioni ya Idi iliyopita nilikuwa nimekaa ukingoni mwa forodha hapa Lamu, mwanangu wa miaka minne na nusu akiwa ameshika ncha ya kanzu yangu, alipopita kijana mmoja wa Langoni juu ya punda wake aliyetoka kuteremsha mchanga. Ami yangu, ambaye hajapata kumnyima mtoto jambo, alimsimamisha kijana yule, akamwinua mwanangu kwa makwapa na kumweka juu. "Keti, mwanangu, huyu ndiye farasi wako wa Idi." Kijana alinitazama, nami nikamtazama ami. Chini palikuwa mawe matupu, watoto walikuwa wakilipua fataki hatua ishirini kutoka pale tuliposimama, na hapakuwa na mtu ubavuni mwa punda. Nikanyoosha mikono, nikamteremsha mtoto, na kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa ami hakusema nami.

Alipokubali kusema tena, aliniuliza swali lililonifanya niandike haya: "Basi wataka apande akishaota ndevu?"

Swali hilo halikuwa la mzaha kama lilivyosikika. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye mkokoteni, na mtoto wa hapa humjua punda kabla hajajua kutembea. Kwa hiyo wazazi wengi hawaoni kwamba kuna umri wa kuanza. Wanalichukulia jambo hili kama bahari, kwamba mtoto ataingia tu siku moja na atajua mwenyewe. Mimi naamini umri upo, na naamini tunaukosea kwa sababu tunachanganya vitendo viwili.

Mtoto wa miaka mitatu hapandi punda. Hupakiwa, kama gunia la saruji linavyopakiwa, na tofauti yao ni kwamba gunia hufungwa. Kupanda ni kumwambia mnyama aende, asimame na ageuke, naye akatii. Tena ni kuweza kuondoka mgongoni wakati wowote bila kumsubiri mtu mzima. Kwa kupakiwa, mtu mmoja akiwa ameshika kamba na mwingine akiwa ubavuni, sioni ubaya hata kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, maadamu kiuno na shingo vimeshakaza na safari ni ya hatua chache juu ya mchanga. Kwa kupanda nasema miaka saba, na huo ndio umri nilioutetea mbele ya ami mpaka kahawa ikapoa.

Sikuutoa hewani. Ami alikwisha kunikumbusha kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi, nami sina ubishi nayo, ila kauli hiyo yahimiza tu, haitaji umri. Katika malezi yetu umri wa miaka saba una kazi yake tayari: ndipo mtoto anapoamrishwa sala, kwa kuwa ndipo anapohesabiwa ameanza kupambanua. Mtoto anayeweza kumaliza rakaa nne bila kumfuata paka aliyepita uani huenda akakumbuka, punda anaposhtuka, kuwa mkono wake una kamba na kamba hiyo ina kazi. Wa miaka mitano kwa kawaida hakumbuki, wala hilo si kosa lake.

Halafu kuna mwili wenyewe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kikilinganishwa na kiwiliwili chake, na ndiyo maana akianguka hutangulia kichwa. Miguu yake ni mifupi, na punda ana tumbo pana. Badala ya kulikumbatia tumbo, miguu huchanuka kama ya mtu aliyekalia meza, na mtoto hubaki hana anachokishikilia isipokuwa manyoya ya shingo. Kwa farasi mambo huwa makubwa zaidi. Punda wetu wengi hupita mita moja kidogo tu wakipimwa begani, ilhali farasi wa kawaida hufika mita moja na nusu au zaidi na uzito wake huwa karibu kilo 500. Kuanguka kutoka juu ya punda ni kama kuanguka kutoka barazani. Kuanguka kutoka juu ya farasi ni kama kuanguka kutoka dirishani. Hata hivyo, shule nyingi za farasi huko Ulaya huwapokea watoto wa miaka minne hivi, na hapo ndipo baadhi yetu tunapodanganyika, kwa kuwa hatuulizi wanafanyishwa nini. Hupewa farasi mdogo na mpole, mwalimu akishika kamba, kwa muda usiofika hata saa moja, wakiwa wamevaa kofia ngumu. Yaani wanapakiwa, kwa utaratibu.

Niliuona utaratibu huo kwa karibu mwaka juzi, dada yangu alipokuja likizo kutoka Nairobi na bintiye wa miaka saba, ambaye alikuwa amefunzwa farasi kwa mwaka mzima upande wa Karen. Tulimpeleka ufukwe wa Shela maji yakiwa yamekupwa. Jambo la kwanza aliuliza kofia iko wapi, na wajomba wote wakacheka. Dada yangu akaitoa mkobani, na kicheko kikaisha. Jambo la pili, hakupita nyuma ya punda. Alikuja kwa mbele, kidogo upande wa bega, akaweka kiganja shingoni na kungoja. Hakuna aliyemfundisha methali ya asante ya punda, lakini alikuwa ameshafunzwa maana yake. Kisha akapanda, akaenda vizuri kiasi cha hatua mia moja, punda akaona kitu majini, akasimama ghafla, na mtoto akapita juu ya shingo mpaka mchangani.

Hapo palikuwa na somo hata kwake. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi hujikita, miguu minne ikawa kama nguzo. Watu huuita ukaidi, lakini ni namna yake ya kufikiri kabla ya kuchagua, na kwa anayeanza ni heri hiyo kuliko kukimbizwa nusu ya ufukwe. Ila aliyezoea mnyama wa kukimbia hategemei mnyama wa kusimama. Mpwa wangu aliinuka, akapangusa mchanga, akauliza kama punda ameumia. Miaka saba, kofia, mchanga laini, na mtu mzima hatua tatu kando: ukiondoa kimoja katika hivyo vinne, hadithi ingekuwa nyingine.

Naijua hiyo nyingine, kwa sababu ni yangu. Nilikuwa na miaka mitano nilipowekwa juu ya punda aliyekuwa akirudi zizini kwake, nikaambiwa nishike sana. Nilishika sana. Kilichonishinda ni kichochoro. Punda anayerudi nyumbani hapimi upana wa abiria wake. Hupima upana wa mwili wake, na alipokata kona goti langu lilikwaruza ukuta wa mawe ya matumbawe, nikalivuta kwa maumivu, na kwa kulivuta nikapoteza mizani. Niliangukia bega, mtulinga ukavunjika. Nakumbuka zaidi sauti ya kwato zikiendelea bila haraka, kwani punda hakuwa amefanya kosa lolote na wala hakujua kuwa nimeshuka. Ningekuwa najua kumsimamisha, au najua kujitelezesha chini kabla ya kona, pengine ningebaki na kikwaruzo tu.

Najua watakaonijibu kwa mifano. Wamongolia huwapandisha watoto wao farasi wangali wadogo sana, na katika mbio za sherehe yao ya Naadam wapandaji ni watoto, ambao zamani walianza hata na miaka mitano. Ni kweli, na watoto hao ni hodari. Lakini wanakulia uwandani, siyo katika kichochoro chenye kuta pande mbili, na huko huko sheria imeuweka umri wa chini wa kushindana kuwa miaka 7. Wengine watanitajia wavulana wa vijiji vya Matondoni na Kipungani kisiwani hapa, ambao wakiwa na miaka minane au tisa huongoza punda wawili watatu wenye shogi, yaani makapu ya kubebea mizigo ubavuni, zilizojaa. Hao siwagusi kwa neno. Wengi wao wanafanya kazi kwa kuwa nyumbani pana haja, na ukiwatazama vizuri utaona kwamba walianza kwa kutembea kando ya punda miaka mingi kabla ya kukaa juu yake, ambalo ndilo jambo lile lile ninalolisema.

Kuhusu mbio ninakuwa mgumu zaidi. Mbio za punda za wakati wa Maulidi, katika Mfungo Sita, nazipenda kama mtu yeyote wa mji huu, na kelele zake pale forodhani hazina mfano. Wapandaji hukaa nyuma kabisa, karibu na makalio ya punda, bila tandiko, na kujishikiza kwa miguu tu. Uzuri wake uko hapo, na hatari yake iko hapo hapo, kwa kuwa kila mvulana mdogo anayetazama hurudi nyumbani akitaka kukaa hivyo. Katika mashindano ya kimataifa ya kuruka na farasi, daraja la watoto ni la miaka 12 hadi 14. Uingereza haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kuwa mpandaji wa farasi wa mbio. Nasi tulio na ndugu Ghuba tunakumbuka kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu, mwaka 2005, uliwaondoa watoto kwenye mbio za ngamia baada ya lawama za miaka mingi, na mahali pao zikawekwa roboti ndogo migongoni mwa ngamia. Kwangu, mvulana asishindane kabla ya kutimiza miaka kumi na miwili, hata kama babake alishinda akiwa na tisa.

Kuna umri mwingine ambao hakuna anayeuuliza, nao ni wa punda. Tumezoea kumpa mtoto mdogo punda mdogo, kwa hoja kwamba wote ni wadogo na watazoeana. Ni kosa la pande mbili. Mifupa ya punda huchelewa kukomaa, na hafai kupandwa kabla ya kufikisha miaka 4. Tena mwanapunda, kama mwanadamu wa umri huo, hajui anachokitaka na hukibadili njiani. Anayeanza apewe punda mzima, mwenye miaka kumi au kumi na mitano, aliyebeba mawe mpaka hakuna kinachomshangaza. Wale wa hifadhi ya punda iliyopo forodhani tangu 1987, yenye asili yake Uingereza, wakikuona na punda mwenye kidonda mgongoni watakitibu, na kabla ya hapo si vibaya mzazi kuinua tandiko akatazama mwenyewe. Punda anayeumwa mgongo humtupa mtoto kwa haki kabisa.

Ukitaka kuanza vyema, anza chini. Mwache mtoto ampe punda maji, amsugue vumbi, ashike kamba na kumtembeza, na umzuie kabisa asizungushe kamba hiyo mkononi, kwani punda akiondoka ghafla kamba hukaza na mtoto huburutwa. Haya anaweza kuyaanza akiwa na miaka minne, na yana faida kuliko kupakiwa mara mia. Kuhusu kofia, najua nitachekwa kama mpwa wangu alivyochekwa. Iliyotengenezwa kwa wapanda farasi haipatikani hapa kwa urahisi, na ya baiskeli haikuundwa kwa kazi hiyo, lakini mimi nitachagua ya baiskeli kuliko kofia ya vito, ile yetu ya kitambaa iliyotarizwa.

Na mabinti? Mpwa wangu alipopanda pale Shela, mabibi wawili waliokuwa wakipita walisimama, nikadhani nitakemewa. Mmoja akasema tu kwamba akikaa wima zaidi hatachoka kiuno. Sikuuliza amelijuaje.

Ami hakukubali kushindwa. Wiki iliyofuata alikuja na punda mzee wa rafiki yake, kwa masharti yangu yote: Shela, alfajiri, maji yakikupwa, yeye akishika kamba nami ubavuni. Mwanangu alimtembeza kwanza kwa mguu, uso wake ukiwa mzito kama wa nahodha, kisha tukamweka juu na kwenda mpaka penye mashua na kurudi. Tuliposimama nilimwambia ashuke mwenyewe. Alilala kifudifudi juu ya mgongo, akavusha mguu mmoja, akajitelezesha, kisha akabaki ananing'inia, vidole vya miguu vikiutafuta mchanga na kuukosa. "Babu!" akaita. Ami aliachia kamba, akampokea kiunoni, akamweka chini taratibu.

"Bado," akaniambia.