Si Kila Kipigo ni Ugomvi wa Mume na Mke

Hapa Mwanza, mgogoro wa ndoa uliofikia ngumi hupita njia inayojulikana: huanzia kwa wazazi au mshenga, ukaenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa viongozi wa dini, na ukishindikana huko hufikishwa kwenye baraza la usuluhishi. Katika kila hatua wawili hao huketishwa pamoja, kila mmoja husikilizwa mbele ya mwenzake, wote huonywa, na hurudi nyumbani kwa njia ileile moja. Usuluhishi wenyewe siupingi, kwa kuwa ninazifahamu ndoa zilizopona mikononi mwa wazee wenye busara. Ninachokipinga ni kuufanya dawa ya kila ukatili, ilhali watafiti wamekuwa wakituonyesha kwa takriban miaka 30 kwamba ukatili baina ya wenza si jambo la aina moja.

Mwaka 1995, mwanasosholojia wa Marekani Michael Johnson alijaribu kutatua ubishi uliokuwa umewagawa wenzake. Waliokuwa wakihoji kaya kwa wingi, wakiongozwa na Murray Straus, walikuta wanawake na wanaume wakipigana kwa viwango visivyotofautiana sana. Waliokuwa wakizungumza na wanawake waliokimbilia nyumba salama walikuta karibu kila mara mume ndiye mpigaji, tena kwa kipigo cha kujirudia na kuongezeka makali. Johnson alisema pande zote mbili zina haki, ila hazikuwa zikiwatazama watu walewale. Aliitenga ile hali ambayo mmoja hutumia vitisho, fedha, upelelezi na kipigo kumtawala mwenzake, nami hapa nitaiita utawala wa mabavu, akaitofautisha na ugomvi wa jambo fulani unaopanda hadi mikono ikatumika. Baadaye aliongeza ukatili wa anayejihami dhidi ya mtawala wake, na ule wa nadra ambapo wote wawili wanagombea kutawala. Aliporudia takwimu zilizokusanywa Pittsburgh miaka ya 1970, alikuta kwamba miongoni mwa wanawake wa nyumba salama waliopigwa na waume zao, kiasi cha asilimia 79 walikuwa chini ya utawala wa mabavu. Katika kaya za kawaida zenye kipigo, kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 15. Jambo hilo halishangazi, kwani mume anayemchunga mkewe hata anapokwenda dukani hawezi kumruhusu aketi na mgeni mwenye dodoso.

Sasa tuitazame Mwanza yenyewe. Utafiti wa MAISHA, uliofanywa jijini kwetu kwa wanawake wa vikundi vya mikopo midogo, uliwahoji wanawake 1,049. Asilimia 61 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza, na asilimia 27 katika miezi 12 iliyotangulia. Takwimu hizo ndizo zinazonukuliwa katika semina. Mimi hunishughulisha zaidi nyingine, isiyotajwa sana: asilimia 82 waliwahi kuwa na mwenza mwenye mienendo ya kuwadhibiti, yaani mambo kama kutaka kujua kila wakati mkewe alipo, kukasirika akizungumza na mwanamume mwingine, au kumtaka aombe ruhusa kabla ya kwenda hospitali.

Asilimia 82 haina maana kwamba wanawake wanane kati ya kumi wanaishi katika utawala wa mabavu alioueleza Johnson. Kuomba ruhusa ni jambo tulilolelewa nalo, na wapo wanaoliona kuwa heshima tu, bila hofu yoyote. Tatizo ni kwamba, kwa sababu udhibiti umekuwa desturi, dhalimu hujificha ndani yake kwa urahisi. Kinachomtofautisha si kwamba anataka kujua mke alipo, bali kile kinachompata mke siku asipojibu simu.

Mwanamke anayeanika dagaa kwenye mwalo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupigwa hata kofi. Hata hivyo mumewe huhesabu ndoo zilizoanikwa asubuhi na kuzilinganisha na fedha za jioni, namba ya siri ya M-Pesa anaijua yeye, na siku ya marejesho humngoja mkewe nje ya kikao cha kikundi, pikipiki ikiwa imewashwa. Kipigo kilikuwa mara moja tu, zamani, na kinatosha hadi leo. Jirani yake aligombana na mumewe siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na fedha zimekauka; mume akampiga kibao, naye akajibu kwa mwiko, na mtaa mzima ukasikia. Balozi ataitwa kwa huyu wa pili, kwa sababu damu imeonekana. Ya kwanza itaitwa ndoa tulivu, na siku mwanamke wa ndoa hiyo atakapomrushia mumewe maji ya moto, wazee wataandika kwamba wote wawili wana makosa.

Usuluhishi hudhani kwamba kila mmoja anaweza kusema ukweli mbele ya mwenzake bila kuulipia baadaye. Kwa wanandoa wa mwiko dhana hiyo inaweza kusimama, ingawa sikubali kamwe hoja kwamba hicho ni “kibao cha kawaida”. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na ugomvi wa fedha nao huweza kuua. Kwa mwanamke wa ndoa tulivu, kila atakalolisema barazani ni taarifa anayopewa mtawala wake, naye atamhoji juu yake usiku huohuo.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 101, hutaka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi, lakini imeacha mlango pale mahakama inaporidhika kwamba kuna hali zisizo za kawaida zinazofanya jambo hilo lisiwezekane. Kifungu cha 107 nacho kinautambua ukatili wa akili sawa na wa mwili kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Nadhani mlango huo unapaswa kutumiwa bila haya kwa wanawake walio chini ya utawala wa mabavu. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, na mwaka 2015 ikaufanya udhibiti wenyewe kuwa kosa la jinai. Sina hakika kwamba tuko tayari kuiga hilo, maana kosa linalothibitishwa kwa mwenendo wa miaka linahitaji askari wenye muda na mafunzo, na mara nyingi dawati la jinsia la polisi bado linaanza kwa kuuliza kama mlalamikaji ana PF3, ile fomu ya polisi ya majeraha.

Linalowezekana kesho asubuhi ni dogo. Mwenyekiti, sheikh, mchungaji au mjumbe wa baraza awasikilize wawili hao kila mmoja peke yake kabla ya kuwaketisha pamoja, na asianze na “alikupiga mara ngapi?” Amuulize mwanamke nani anashika fedha anazozipata, mara ya mwisho alikwenda kwao lini, na anahofia nini akichelewa kurudi. Majibu yakionyesha hofu ya kila siku, kikao cha pamoja kisifanyike, na mume asiambiwe kilichosemwa. Baadhi ya wazee watasema huko ni kuvunja ndoa za watu. Nawaomba waeleze kwanza wanamfanyaje yule aliyerudishwa nyumbani mara tatu na baraza lilelile, akiwa na barua ya maridhiano mkononi.