Ile Nyekundu Kwenye Shati ni Achari

Kwanza kabisa, kwa wote mlioiona ile picha yangu nimelala sakafuni: ile nyekundu kifuani ni achari. Narudia, achari. Ya nyanya, pilipili na ufuta. Utumbo wangu uko mahali pake na umeshiba. Wale mlioandika "innalillahi" chini ya picha, nimewasoma mmoja mmoja. Aliyeuliza kama ile sime yangu sasa inauzwa, nimemsoma pia.

Picha kaipiga rafiki yangu niliyekwenda naye. Jina namsitiri, ingawa yeye hakunisitiri. Mimi ningali chini sakafuni, yeye keshairusha kwenye kikundi, na maneno yake manne: "Mwenzetu kakutana na Mnepali." Basi. Hakuongeza hata nukta. Nyinyi mkajaza wenyewe.

Naandika kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto umefungwa kama kifurushi cha halua. Herufi zikipotea mtazitafuta wenyewe.

Ugonjwa wangu wa visu mnaujua. Ukutani kwangu hapa Reading, Uingereza, kuna sime, kuna jambia aliyoiacha marehemu ami yangu, ya Muttrah kule Omani, na kuna kotama ya babu aliyogemea tembo (msiniulize nani alikuwa akilinywa). Tuko watu saba wenye maradhi hayo, watu wazima, wenye wake na mikopo ya nyumba, na kila baada ya miezi miwili tunakusanyika kwa mmoja wetu kuangalia visu na kusema "mmh". Hukutana majumbani, maana nchi hii ukionekana barabarani na upanga ukasema unaenda kuwaonesha wenzio, utawaonesha wenye sare.

Safari hii zamu ilikuwa ya mzee mmoja wa Aldershot, Mgurkha mstaafu, yaani Mnepali aliyekuwa askari wa jeshi la Waingereza. Aldershot Wanepali ni wengi, hasa tangu 2009, serikali ilipokubali wastaafu wao zaidi wahamie huku. Ukishuka kituoni unasikia harufu ya bizari kabla hujaona duka. Mzee alikuwa ameagiza khukuri, kile kisu chao kikubwa kilichopinda, kwa mhunzi wa kwao Dharan, Nepal, kwa vipimo vyake mwenyewe, akasubiri miezi minane.

Jamani, kile chuma! Aina ya sirupate, nyembamba, imepewa jina la jani la nyasi fulani za kwao. Kengee yake inakwenda sawa, halafu katikati inainama kama mtu aliyekumbuka kitu. Imefuliwa kwa springi ya lori. Naam, springi ileile inayowavunja viuno barabara ya Lushoto. Mhunzi akishaifua haitumbukizi yote majini; anashika birika, birika ya chai kabisa, anamwaga maji ya moto kwenye makali peke yake. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini, ndiyo maana haivunjiki. Mpini pembe ya nyati, mweusi, umesuguliwa hadi unajiona uso. Nyuma ya ala zimechomekwa ndogo mbili: karda, kisu cha kumenyea, na chakmak, butu, ya kunolea. Mama na watoto wawili mgongoni.

Heshima yangu iliniponyoka mapema. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye maduka ya Wahindi, kwetu ukimwita mtu "bhai" umempa adabu yake. Basi nikaingia, nikainama kidogo, nikamwambia mzee wa miaka sabini na kitu: "Namaste, bhai!" Mkewe akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe kwa Kinepali bhai ni mdogo wako. Kaka ni dai. Mzee akanipa mkono akasema, "Karibu, babu." Ningekuwa na akili ningekaa kimya kuanzia pale.

Tukakaa. Mezani kuna momo, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, vimepikwa kwa mvuke, na bakuli kubwa la achari. Likumbukeni hilo bakuli.

Khukuri ikaanza kuzunguka. Kila mtu anaishika kwa ala, anaipima uzito, anasema "mmh". Wakafika kwenye kile kijipengo kilichoko karibu na mpini. Mmoja akasema ni cha kuzuia damu isiteremke mkononi. Mwingine akasema ni alama ya kwato ya ng'ombe. Wa tatu akataja mungu Shiva. Mzee anatafuna momo yake tu. Mimi nikaona hapa na mimi nitoe changu, nikasema nimesikia khukuri ikitolewa alani hairudi mpaka ionje damu.

Mzee akameza. "Hayo tunawaambia watalii," akasema. "Mke wangu anakatia vitunguu. Ingekuwa hivyo tungeshaisha sote."

Watu wakacheka. Nikajichekesha nami. Lakini ndani ilinichoma, nikatafuta pa kujikomboa. Na pa kujikomboa ninapo, maana mimi nina Tanga, na Tanga ina 1914.

Ikanifikia mkononi. Mzee akaanza kusema neno, "Ukiivuta, vidole vyako..." nami nikamkatiza. Wallahi nilimkatiza. Nikasema, "Mnajua khukuri zilishafika kwetu?" Nikasimama. Rafiki yangu anasema ndipo alipotoa simu, maana ananijua nikisimama.

Nikawapa yote. Novemba 1914, Waingereza wanashuka Tanga na jeshi kutoka India, Wagurkha wakiwamo kwenye kikosi cha Kashmir, wanadhani watautwaa mji kabla ya chakula cha mchana. Kumbe von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake wanawasubiri. Vita imepamba moto, risasi zinatoboa mizinga ya nyuki juu mitini, nyuki wanatoka na hasira zao, hawaulizi wewe wa Kaiza au wa Mfalme. Siku chache tu Waingereza wamo melini tena. Waja leo waondoka leo, ndiyo Tanga!

Sasa nisikilizeni polepole, maana hapa ndipo.

Ala ya khukuri ni vipande viwili vya mbao vilivyogandishwa na kuvikwa ngozi. Maungio yako upande wa makali. Makali yakitoka yanapita palepale, na ukivuta kwa pupa yanaweza kupenya katikati. Kwa hiyo ala unaishika kwa mgongoni, vidole usivizungushe upande wa makali. Hilo ndilo neno mzee alilotaka kuniambia. Kila Mgurkha analijua tangu utoto. Mimi ile ala niliikamata kama hindi la kuchoma, vidole vyote vinne vimezunguka.

Nimefika kwenye nyuki. Nyuki huwezi kuwahadithia mkono ukiwa umetulia. Nikasema, "Wakatoka vuuuuu!" na kwenye ile vuuu mkono wa kulia ukavuta.

Mwanzo ulikuwa mzito, kama droo iliyovimba kwa mvua. Halafu ukawa mwepesi, mwepesi mno. Nikasikia ubaridi kwenye kidole cha shahada na cha kati, ubaridi mzuri kabisa, kama mtu kaniwekea barafu. Hakuna maumivu. Khukuri iko juu, inang'aa, nami bado naendelea na vuuu kwa sababu pumzi ilikuwa haijaisha. Nikaona watu sita hawanitazami usoni, wala hawaitazami khukuri. Wanatazama mkono wangu wa kushoto. Nikasema moyoni, labda saa yangu imewapendeza. Nikashusha macho. Kwenye ngozi ya ala palikuwa na mstari mwembamba ambao haukuwapo, na kwenye vidole vyangu mistari miwili, safi, imenyooka kama ya rula. Midomo miwili imefumba. Ikakaa hivyo. Mimi na vidole vyangu tukatazamana.

Halafu ikafumbua.

Mzee akainuka. Nikajua anakuja kunishika. Akaichukua khukuri mkononi mwangu, taratibu, kama unavyompokea mtoto aliyelala, akatoa leso, akaifuta. Kotekote. Akaitazama kwenye mwanga. Akaifuta tena. (Baadaye alinieleza kwamba chuma kile kikikaa na damu kinakamata kutu upesi. Sikumuuliza mimi nikikaa na damu nakamata nini.) Ndipo akanigeukia, akasema kwa upole, "Basi. Sasa imeonja."

Hapo ndipo taa zilipozimika. Watu wanasema nilianguka. Sikuanguka, nilikaa chini bila kiti, na njiani nikapitia mezani. Bakuli lilinifuata.

Nilipofumbua macho mama mwenye nyumba ameshika mkono wangu juu, anaumiminia manjano kutoka kwenye kopo la jikoni, kiganja kizima cha manjano, anabana na kitambaa. Kama bibi yangu kabisa! Nimeruka nusu ya dunia nikaja kutibiwa na dawa ya Ngamiani, kwetu Tanga. Nikataka kulia. Macho yalikuwa yanalia tayari, lakini hiyo ni pilipili.

Hospitali sina mengi. Nyuzi tano, sindano ya pepopunda, saa nne za kusubiri. Muuguzi aliona kidonda cha kisu na shati jekundu akafunga pazia, akaniuliza kwa sauti ya chini nani kanifanyia hivi. Nikaanza kumweleza kuanzia 1914. Akaenda kumwita mwenzake.

Asubuhi mama akapiga kutoka Tanga. Habari ilikuwa imefika kabla yangu: nimepigwa panga na Mnepali kwa ajili ya mwanamke, vidole vimekatika vitatu. Nikamwambia ni viwili, havijakatika, na mwanamke aliyekuwapo ana wajukuu. Nyuma yake namsikia shangazi anauliza Mnepali ndiyo kabila gani. Yasini ilishasomwa, na pilau ilishapikwa. Walikuwa wanaila wakati tunaongea.

Mzee naye kaniandikia. Ala inashoneka, nisijali. Miezi miwili ijayo nije na kotama ya babu, wameipenda kwenye picha. Lakini ataitoa yeye.

Mkewe alinifungia kopo la ile achari nije nalo nyumbani. Achari tamu, ina timur, ile pilipili yao inayotia ganzi ulimi. Liko hapa mbele yangu na ugali unapoa. Nimelibana kwa magoti, nimelibana kwa mlango, kwa mkono mmoja halifunguki. Imenibidi nimpigie yuleyule wa picha aje anifungulie. Kasema yuko njiani, na kauliza simu yake ije na chaji kiasi gani.