Mchoro wa Saketi Nitakupa Bure, Dhamana Utailipia

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Geita alinitumia ujumbe: "Shikamoo fundi. Naomba mchoro wa saketi ya ile mashine ya kutotolesha vifaranga, nataka nimtengenezee mama." Nikaipiga picha karatasi, nikamtumia pamoja na orodha ya vifaa. Jioni nikamsimulia fundi mwenzangu ambaye meza zetu zimepakana hapa Kariakoo. Alikasirika kweli. "Kaka, unatuharibia soko. Huo mchoro ni elfu hamsini. Leo umempa mmoja, kesho wanao watu mia."

Hasira yake naielewa. Ana watoto wanne, na kodi ya meza hailipwi kwa asante. Ila naona anadai malipo mahali pasipo pake.

Tuiangalie saketi yenyewe. Kuna regulita ya 7805 inayoshusha volti 12 hadi 5, na kapasita zake mbili. Mpangilio huo umechorwa kwenye karatasi ya maelezo ya kiwandani, yeyote anausoma. Kuna transista inayovuta rilei, yaani swichi ya sumaku inayowasha na kuzima taa za kuyapasha mayai joto, na dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, iliyolazwa kinyume kwenye koili ya rilei, ili umeme unaoruka rilei inapozimika usiiue transista. Hilo nilionyeshwa na fundi aliyenilea, na hakunitoza hata senti. Kuna kihisi joto. Akili ya mashine ni chipu ya ATmega328P, ile ile iliyo kwenye Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kujifunzia inayoandikiwa programu. Kilicho changu hasa ni mahali pa kukiweka kihisi ili upepo wa feni usikidanganye, namna ya kulishika joto nyuzi 37.5 bila kuyumba, na trei za mayai zilizooza mikononi mwangu kabla sijapata jibu.

Sheria nayo haimsaidii sana mwenzangu. Hakimiliki inaulinda mchoro kama mchoro. Haimzuii mtu kujenga saketi inayofanya kazi ile ile akiichora upya kwa mkono wake. Anayetaka kuulinda uvumbuzi wenyewe huomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayoweza kudumu hadi miaka 20, na sharti uvumbuzi uwe mpya. Kuwasha na kuzima taa kwa kipimo cha joto si jambo jipya popote duniani.

Ndiyo maana wengine huamua kuficha. Mmeziona bodi zilizokwanguliwa namba za chipu kwa msasa, au kumwagiwa gundi nyeusi hadi hujui ndani kuna nini. Mimi bodi hizo zinaniuma. Mteja kanunua kwa pesa yake, kifaa kikiungua baada ya miezi minane ananiletea, na sina la kumfanyia, kwa sababu mtu aliyekiuza aliona bora kife kuliko fundi mwingine ajue kilivyoundwa. Kifaa cha shilingi elfu mbili kinazika mashine ya laki tatu.

Wenzetu wa Arduino walichagua njia nyingine. Walianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, wakatoa michoro ya bodi zao kwa leseni inayoruhusu kunakili, kubadilisha na hata kuuza, mradi uwataje na mabadiliko yako nayo uyaache wazi. Jina la Arduino walibaki nalo wao. Ndiyo sababu leo madukani hapa unapata bodi zinazofanana nayo zenye chipu ya CH340, ile ya kuziunganisha na kompyuta, kwa bei ya chini kabisa, bila anayetengeneza kuwa mwizi, ilimradi hakubandika jina lao. Bila ruhusa ile mimi nisingejifunza kuziandikia chipu programu.

Lakini kuna upande mwingine wa kisa hicho, nao unanigusa zaidi. Arduino ilijengwa juu ya mradi ulioitwa Wiring, ulioanza mwaka 2003 kama kazi ya masomo ya Hernando Barragán, kijana wa Kolombia aliyekuwa akisoma pale pale Ivrea. Kazi yake ilikuwa wazi, yeyote angeweza kuichukua. Miaka mingi baadaye aliandika kwa kirefu kwamba mchango wake haukutambuliwa ipasavyo. Haki yake mpeni! Anayetoa bure hajasema afutwe.

Na kuna jambo zito kuliko kutajwa. Mwaka juzi mtu alichukua mchoro wangu, akatengeneza mashine na kuziuza. Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba aliiondoa swichi ya joto, ile ndogo ya mviringo inayokata umeme ikifika nyuzi 40. Huenda aliona haina kazi, maana kwa kawaida rilei ndiyo inayozima taa. Sasa, taa nne za wati 60 kwa volti 230 zinakula kama ampia moja tu, na rilei imeandikwa ampia 10, kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu ni salama. Ila nyaya nyembamba za ndani ya taa zikiwa baridi huvuta mkondo unaokaribia mara kumi kwa kitambo kidogo. Kila inapowaka, midomo ya rilei, vile vyuma vyake vinavyogusana kupitisha umeme, inachomwa kidogo. Inawaka na kuzima usiku na mchana kwa siku 21, kundi baada ya kundi la mayai, mpaka usiku mmoja midomo inagandana na taa hazizimiki tena. Ile swichi niliiweka kwa ajili ya usiku huo. Mama mmoja alipoteza trei tatu zikiwa siku ya 18, vifaranga wameshaumbika ndani. Alinipigia mimi, kwa sababu aliambiwa mashine ni "ya yule fundi wa Kariakoo".

Nilijilaumu. Mchoro nilikuwa nimeutoa mtupu, alama bila maelezo. Tangu hapo kila kifaa nimekiandikia sababu yake pembeni, na karatasi imekuwa tatu.

Huo ndio mpaka wangu. Ujuzi chukua. Ukitaka bodi niliyoilehemu kwa mkono wangu, nikaiwasha mezani siku tatu mfululizo, na simu yangu ipokelewe saa nane usiku umeme ukikatika mayai yakiwa siku ya 18, hapo unalipa, na silegezi bei. Unailipia dhamana. Mwenzangu akiuza karatasi kwa elfu hamsini, mteja atatarajia dhamana ile ile kwa bei ya karatasi, na ugomvi hautaisha.

Kuna wengine siwapi bure kabisa. Shirika moja lilinijia na mradi wa kuku wa akina mama. Gari zuri, mafuta yapo, posho za semina zipo, hoteli imelipwa. Kwangu wakataka saketi maalumu yenye betri na sola, kazi ya miezi miwili, "kwa ajili ya jamii". Niliwaambia mchoro wa zamani ni huu hapa, wachukue. Mpya wanaotaka nikae kuwachorea wao ni ajira, na ajira ina mshahara. Hawakurudi. Fundi anayekubali kazi kama hiyo bure anamfundisha mwenye pesa kwamba akili yetu haina thamani, na hapo namuunga mkono jirani yangu moja kwa moja.

Jana yule kijana wa Geita kanitumia picha. Mashine imewaka, sanduku ni la mbao za mninga. Kihisi amekishusha chini usawa wa mayai na kukifunika kwa kikopo chenye matundu, kinaonekana kutulia kuliko changu. Swichi ya joto ipo mahali pake. Nimemuuliza kama naweza kuliweka jina lake kwenye karatasi ya pili.