Chuma Kikigoma Kupanda, Punguza Mazoezi

Kwa wiki 11 mfululizo daftari langu la mazoezi lilibeba namba ileile: kilo 80, mara tano. Kila Jumanne nilichuchumaa na chuma begani, nikainuka mara nne vizuri na mara ya tano kwa kutetemeka, na kila nilipothubutu kuongeza sahani ndogo kuliko zote zilizokuwepo, moja ya kilo 2.5 kila upande, nilikwama katikati ya mnyanyuko wa tatu nikalazimika kukiacha chuma kwenye vizuizi vya pembeni.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Jimu ya mtaani kwetu hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa kumi na mbili kasorobo sina budi niwe nimeshatoka kwenda kuoga, kwa sababu nikichelewa hata kidogo nitaikuta foleni ya kituo cha mabasi ya mwendokasi imeshapinda. Kwa hiyo nina dakika 45, Jumanne na Ijumaa, basi. Jioni nilijaribu nikaacha, maana mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku akiwa amesimama kwenye basi njia nzima hana nguvu za kumaliza siku kwa chuma.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa mtu aliyekwama ni kwamba aongeze: aongeze aina za mazoezi, aongeze seti, yaani mizunguko ya minyanyuko mfululizo kabla ya kupumzika, na kama muda hautoshi apunguze mapumziko. Niliufuata ushauri huo kwa utiifu, nikafikia kufanya mazoezi manane ndani ya dakika 45, nikawa natoka nimelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, na namba kwenye daftari haikusogea. Leo naamini kwa dhati kwamba ushauri huo unawapotosha watu wenye muda mfupi, kwa sababu unachanganya uchovu na maendeleo.

Nguvu ya misuli huongezeka pale mwili unapodaiwa kidogo zaidi ya ulivyozoea, kisha ukapewa nafasi ya kujijenga. Jambo hili lilifanyiwa kazi kwa makini na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani ambaye katika miaka ya 1940 aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha uzito uliopandishwa hatua kwa hatua. Mwanzoni aliwapangia seti saba hadi 10 za minyanyuko 10, lakini kufikia mwaka 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika kwamba kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno, na kwamba minyanyuko 20 hadi 30 kwa jumla inatosha kwa wagonjwa wengi. Nilipolisoma hilo nilifunga daftari nikalifungua ukurasa mpya. Ikiwa mtu aliyeweka msingi wa mazoezi haya alipunguza, mimi mwenye dakika 45 nang'ang'ania mazoezi manane kwa sababu gani?

Nikabakiza mawili makubwa kwa kila siku. Jumanne ni kuchuchumaa na kulala benchi kusukuma chuma. Ijumaa ni kunyanyua chuma kutoka sakafuni na kukisukuma juu ya kichwa. Baada ya kupasha misuli kwa chuma kitupu cha kilo 20 na hatua mbili za kupanda, nafanya seti moja nzito ya mara tatu hadi tano, napunguza uzito kwa asilimia 10, nafanya seti mbili nyingine.

Jambo lililonigharimu zaidi kulikubali ni mapumziko. Kati ya seti nzito napumzika dakika tatu kamili, kwa saa. Misuli inaponyanyua kitu kizito kwa sekunde chache hutumia akiba ya nguvu ya haraka, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi. Ukikimbilia seti inayofuata baada ya nusu dakika, utakachokipima ni pumzi yako, wala si nguvu yako. Siku moja kijana aliyekuwa akisubiri chuma aliniuliza kwa heshima, "Kaka, mbona umekaa tu, umemaliza?" Nikamwambia, "Bado, mdogo wangu, hapa ndipo ninapojiandaa kunyanyua." Tukakubaliana apige seti yake wakati mimi nimekaa, na tangu hapo tunapokezana.

Pale ambapo mazoezi hayashindanii misuli ileile, mapumziko yanaweza kufanya kazi mbili. Baada ya kusukuma kwenye benchi napumzika dakika moja na nusu, navuta dambeli, kile chuma kifupi cha mkono mmoja, kuelekea ubavuni, napumzika tena, narudi benchini. Kifua kinapata dakika zake tatu, mgongo unapata zake, na saa haijapotea. Kuchuchumaa sikuchanganyi na chochote.

Lakini hata hayo yote yasingetosha bila vyuma vidogo. Hebu tufanye hesabu: kutoka kilo 80 hadi 85 ni ongezeko la zaidi ya asilimia sita kwa siku moja, na kwa mtu anayesukuma kilo 45 juu ya kichwa, kilo tano ni asilimia 11. Hakuna mwili wa mtu aliyekwishapita hatua za mwanzo unaoruka hivyo. Nilikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, nikamwomba anikatie visahani viwili vya bati nene vyenye tundu la kupita chuma. Tulivipima kwenye mizani ya duka la jirani: kimoja kilikuwa na nusu kilo kamili, kingine kilizidi kidogo, akakisaga ukingoni kwa msasa wa umeme, cheche zikimrukia miguuni, mpaka mshale ukatulia palepale. Navibeba kwenye mfuko wa daftari, na sasa naweza kuongeza kilo moja tu.

Kila baada ya wiki tano au sita natenga wiki moja ya uzito mwepesi, takribani theluthi mbili ya kawaida. Wiki ya kwanza ya namna hiyo niliiona kama uvivu. Jumanne iliyofuata niliinuka na kilo 81 mara tano.

Chakula hakikuhitaji makopo ya unga wa dukani. Mayai mawili asubuhi, maharage mchana, dagaa au samaki usiku, na ugali wa kutosha. Usingizi ndio mgumu zaidi kwa anayeamka saa kumi usiku, na kwa maoni yangu, aliyelala saa tano usiku ni heri aahirishe seti nzito hadi siku nyingine.

Jumanne iliyopita niliandika kilo 88, mara tano. Kusukuma juu ya kichwa bado kumegoma kwenye kilo 48, na kwa kuwa hata kilo moja imekuwa hatua ndefu hapo, Jumamosi narudi Gerezani kuagiza visahani vya robo kilo.